Kiingereza cha Mdomo Hakisaini Mkataba

Mada iliyotolewa kwenye semina ya vijana wa matawi na kata, Arusha Mjini na Arumeru. Tumeipunguza kidogo na kuiacha karibu kama ilivyozungumzwa.

Naomba niingie kwenye mada moja kwa moja maana ukumbi tumepewa mpaka saa saba tu.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kujifunza Kiingereza, hasa sarufi na uandishi. Najua kuna makamanda wamenuna. Kwenye grupu letu mmoja ameuliza, yaani tumeacha ajenda ya Katiba Mpya sasa tunakuja kufundishana "this is a pen"? Ni swali halali, na sitalikwepa.

Kwanza tuweke msimamo wetu mezani ili asije mtu akasema tumegeuka. Mtoto wa Kitanzania anasoma miaka saba kwa Kiswahili. Anajifunza usanisinuru, anauelewa, anachora na jani. Januari anaingia kidato cha kwanza, anaambiwa sasa inaitwa "photosynthesis", na mwalimu anaeleza kwa Kiingereza ambacho mwalimu mwenyewe hana raha nacho. Mtoto ananyamaza. Anaonekana mjinga, kumbe amebadilishiwa lugha tu. Jambo hili halikugunduliwa jana. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta iliripoti mwaka 1982 na kupendekeza sekondari zihamie kwenye Kiswahili. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta hakitoshi kusomea masomo ya sekondari. Zaidi ya miaka 40 imepita. Waliokuwa kidato cha kwanza mwaka ule leo ni babu na bibi, na wajukuu zao wamekaa darasa lilelile wakikariri vilevile. Huko nyuma ya pazia, wakubwa wanawapeleka watoto wao shule za Kiingereza tangu chekechea.

Kwa hiyo msimamo ni kwamba huo utaratibu ubadilike, na tutaendelea kuupigia kelele. Lakini makamanda, mkataba wa kazi utakaowekewa mbele Jumatatu hausubiri sera ibadilike. Hapo ndipo mada yangu ilipo.

Arusha tuna ugonjwa wetu wa peke yetu. Huku Kiingereza cha mdomo tunacho. Nenda pale Mnara wa Saa, kijana anayeuza batiki na bangili atakusalimia kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania kabla hujavuka barabara. Wapagazi wetu, wagumu wa Meru na Kilimanjaro, wanapiga stori na mgeni kuanzia geti la Momella mpaka Miriakamba, na kesho yake mpaka Saddle, bila kukwama. Dereva wa safari anaeleza tabia za chui kuliko mwalimu wa baolojia. Hongereni sana. Sasa mwambie huyohuyo aandike nusu ukurasa: mgeni ameteleza pale Rhino Point, ameumia mguu, eleza ilikuwaje, saa ngapi, nani alifanya nini. Hapo kalamu inakuwa nzito kama gunia la viazi.

Na nani anaandika badala yako? Anaandika mtu wa ofisini, ambaye mlimani hakuwepo. Anaandika kinachoilinda ofisi. Wewe unasaini.

Kiingereza cha mdomo kinasaidiwa na mikono, uso na kicheko. Ukikosea mgeni anakuelewa tu, tena anakupenda zaidi. Kiingereza cha kwenye karatasi hakina uso. Kinasomwa na mtu ambaye hakujui, labda miaka mitatu baadaye, labda akiwa hakimu.

Hebu niwakumbushe habari ya hapahapa. Wazee wa Ngarenanyuki mnaijua, vijana wengi hawaijui. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru hawakukubali. Walichanga fedha zao, wakapeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, mtoto wa Meru, akafika New York kuitetea ardhi mbele ya Baraza la Udhamini. TANU ilikuwa bado haijazaliwa. Kura kwenye Baraza Kuu haikufikisha theluthi mbili, ardhi haikurudi siku ile, lakini dunia ilisikia jina la Meru na Tanganyika nzima ikajifunza kwamba mkoloni anaweza kushtakiwa.

Kesi ile ilisafiri kwa karatasi, na karatasi zile zilikuwa za Kiingereza. Mwanasheria aliyesimama nao alikuwa Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa na ofisi Moshi. Baadaye yeye na Kirilo waliandika kitabu pamoja, The Meru Land Case, kikachapwa Nairobi mwaka 1967. Yaani wazee wetu walitafuta mtu wa kuwaandikia mpaka wakampata aliyetoka ng'ambo ya bahari ya pili. Sisi leo tuna vijana wenye diploma na digrii kila kata. Nawauliza bila kumkusudia mtu: kata yako ikipatwa na la Engare Nanyuki kesho, nani ataandika barua ya kwanza?

Na hatuna haja ya kwenda New York. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, barabara ya Dodoma. Ndiyo iliyotoa hukumu ya Mchungaji Mtikila tarehe 14 Juni 2013, ikasema kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Mahakama ya Afrika Mashariki nayo iko mjini hapa. Ndiyo iliyosema Machi 2022, kwenye shauri la Freeman Mbowe na wenzake, kwamba vifungu kadhaa vya marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Daladala inakufikisha karibu na mahakama zote mbili. Hukumu zote mbili zipo mtandaoni bure. Wangapi humu tumezisoma wenyewe, siyo kusimuliwa kwenye klipu? Sitaki mikono, mwenyekiti asije akaninyang'anya maiki. (Kicheko.)

Haya, tuje kwenye sarufi. Wengi tulifundishwa sarufi ya Kiingereza kama adhabu, majedwali ya vitenzi yanakaririwa kisha yanasahaulika. Mimi nataka muione kama kufuli na funguo. Kuna maneno madogo sana yanayobeba fedha yako.

Chukua "shall" na "may". Mkataba unasema "The employer shall pay an allowance". Hapo ni lazima akulipe. Ukisema "The employer may pay an allowance", akipenda. Ukisoma haraka zote zinasikika kama posho ipo. Tofauti ni kula na kulala njaa.

Chukua "by" na "until". Kiswahili kinatumia "mpaka" au "hadi" kwa yote mawili, ndiyo maana tunateleza. "Submit the form by Friday" maana yake ifike Ijumaa au kabla. "You will work until Friday" maana yake kazi inaendelea, Ijumaa inakoma. Halafu kuna "unless", neno linaloliza watu. "The contract will end in December unless renewed in writing". Mtu anaona "renewed" anafurahi, anadhani mkataba umeongezwa. Kumbe ameambiwa: utakwisha Desemba, isipokuwa uwe umeongezwa kwa maandishi. Bosi akikuahidi kwa mdomo pale kwenye maegesho, hiyo siyo "in writing".

Chukua hili la nyakati, ambalo nawaomba mlishike kuliko yote. "I worked here for three years" na "I have worked here for three years". Ya kwanza, nilifanya kazi hapa, nimeshatoka. Ya pili, nimefanya kazi hapa miaka mitatu na bado nipo. Kiswahili chetu kina "-li-" na "-me-", kwa hiyo tofauti hiyo siyo ngeni kwetu, tunaiacha mlangoni tu tunapoingia kwenye Kiingereza. Sasa fikiria unaandika malalamiko kwamba umesimamishwa kazi bila barua. Kitu cha kwanza kinachotafutwa ni kama wewe bado ni mwajiriwa, na kama siyo, uliacha kuwa lini. Kwa madai ya kuachishwa kazi isivyo halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inataka uwe umefika ndani ya siku 30. Kitenzi kimoja kikikaa vibaya, unaanza kujieleza badala ya kudai.

Hapo naomba niingize jambo la sheria, maana watu wanatishwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, na kama huyaelewi, ahakikishe umeelezwa kwa namna unayoielewa. Kwa hiyo kusema "naomba nielezwe hiki kifungu kwa Kiswahili" siyo ushamba, ni haki yako. Ila unatakiwa ujue ni kifungu gani hukukielewa. Anayejua robo ya Kiingereza na kuuliza yuko salama kuliko anayejua nusu na kuona aibu.

Makosa yetu mengi siyo ya ujinga, ni Kiswahili kinachungulia dirishani. Tunasema "watu wanasema", ile "wa-" imeshamtaja mtu, ndiyo maana tunaandika "People they say". Kiingereza kinataka "People say", basi. Kiswahili hakitofautishi mke na mume kwenye "yeye", ndiyo maana mama anageuka "he" katikati ya barua. Tuna "kuazima" moja kwa anayetoa na anayepokea, ndiyo maana tunaandika "borrow me your book" wakati tunataka "lend me". "Information", "advice" na "equipment" hazichukui "s", hata viwe vifaa vya lori zima. Na hii ya "Am a driver", jamani, "I" ni herufi moja tu, haina bei. Andika "I am a driver".

Kuna moja lina hatari. Mtu akituuliza "Hujalipwa?" tunajibu "Ndiyo", yaani ndiyo, sijalipwa. Mzungu akikuandikia "You have not been paid for May?" ukajibu "Yes", anaweza akaelewa umelipwa. Jibu sahihi kwake ni "No, I have not". Dawa yake ni nyepesi, usijibu neno moja. Jibu sentensi nzima, na taja mwezi na kiasi.

Nimalizie sarufi na kauli ya kutendwa, maana hii ni siasa tupu. "Money was taken." Fedha zilichukuliwa. Na nani? Sentensi imefunga mlango. Kiswahili nacho kina mlango huo, na sisi wapinzani tunaujua kuliko mtu mwingine yeyote nchi hii. Tumesikia mara ngapi "amechukuliwa", "alipigwa", halafu mwishoni "na watu wasiojulikana"? Kila unapoona kauli ya kutendwa kwenye ripoti, jiulize nani ameachwa nje. Na unapoandika ya kwako, mtaje mtenda ukimjua, kwa jina au cheo, na saa na mahali. Usipomjua, andika ulichokiona: gari la rangi gani, namba gani, waliokuwemo wangapi, walivaa nini. Usiongeze chumvi. Barua yenye chumvi inamsaidia aliyekuonea, maana atashika ile chumvi na kuacha lile jeraha.

Sasa mazoezi. Kusikiliza mada hakufundishi mtu kuandika, kama kuangalia mpira kusivyompa mtu pumzi.

Nunua kaunta buku moja. Kila usiku andika sentensi tano za Kiingereza kuhusu siku yako. Tano tu. Siyo "Education is the key of life", hizo tumezikariri na hazisemi kitu. Andika "The price of tomatoes at Kilombero market went up today." Andika "The conductor refused to give me my change." Vitu vyako, vya leo. Ukikwama neno, acha nafasi, weka la Kiswahili, kesho ulitafute kwenye kamusi ya TUKI au kwenye simu. Ukurasa wa mwisho wa daftari uandike "Makosa yangu". Kila kosa ulilosahihishwa liingie pale na sentensi yake sahihi. Mtu hana makosa elfu, ana kumi na mawili hivi anayoyarudia maisha yake yote. Ukiyajua, umemaliza nusu ya kazi.

Jumamosi mnakutana wawili wawili mnabadilishana madaftari. Aliyesoma zaidi asijifanye mwalimu mkuu, apige mstari chini ya kosa tu, mwenyewe alisahihishe.

Mara moja kwa wiki fanyeni tafsiri ya kwenda na kurudi. Chukueni aya moja ya Kiingereza safi, aya za zile hukumu zina namba kabisa kwa hiyo hampotei. Itafsirini kwa Kiswahili. Fungeni. Kesho yake, bila kuchungulia, irudisheni kwenye Kiingereza kutoka kwenye Kiswahili chenu, kisha mlinganishe na ya kwanza. Mtaona "the" zote mlizozidondosha njiani. Benjamin Franklin wa Marekani, aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na baadaye akaenda kuchapa magazeti, alijifunza kuandika vizuri kwa njia inayofanana na hiyo: anaandika muhtasari wa makala nzuri, anakaa siku chache, anaijenga upya kwa maneno yake, analinganisha.

Najua mtaniuliza kuhusu akili mnemba. Simu inaandika barua nzuri kuliko mwalimu, kwa nini nijitese? Mimi sina ugomvi na hiyo kitu. Ila iagize ikusahihishe, usiiagize ikuandikie. Andika wewe, iulize nimekosea wapi na kwa nini, peleka kosa kwenye ukurasa wa mwisho. Ukiiachia iandike yote, siku ya usaili utaitwa kueleza barua ambayo hujawahi kuisoma, na bando litakuwa limekata. Tena haijui kilichotokea pale mlimani. Itajaza maneno matamu penye pengo, na wewe utasaini uongo bila kujua.

Na Kiswahili? Andika Kiswahili kwanza. Mihtasari ya vikao vya matawi yetu, samahani viongozi, mingine haieleweki nani alisema nini na nini kiliamuliwa. Asiyeweza kupanga tukio kwa Kiswahili, Kiingereza hakitamwokoa, kitamfunika tu. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, na hilo ni jema hata kama halikutoka kwetu. Kwa hiyo tunahitaji mikono yote miwili.

La mwisho kabla ya kugawana kazi, ni kicheko. Tumekulia kwenye shule zenye kibao getini kinachoamuru Kiingereza tu, na ukikosea darasa zima linaangua. Matokeo yake tuna watu wazima wenye akili timamu wasiothubutu kuandika mstari. Humu ndani hakuna kumcheka mtu kwa Kiingereza chake. Kumcheka anayeandika "people they say" ni kumfanyia kazi yule anayetaka sisi tusiandike. Tumcheke kiongozi anayejibu swali la maji kwa Kiingereza cha kupamba huko Sombetini, huyo ndiyo tumcheke. (Makofi.)

Kazi sasa. Kila kata itoe jozi tatu, katibu anaandika majina hapo mlangoni. Jumamosi ijayo saa nne kila mmoja aje na daftari lenye sentensi zisizopungua 25, na barua moja ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza kuhusu jambo la kweli la mtaani kwake: taa, mtaro, mgogoro wa kiwanja, mshahara uliozuiwa, lolote. Ije na Kiswahili chake pembeni. Zile tatu zitakazokuwa zimenyooka tutazisahihisha pamoja na kuzipeleka kunakohusika, zikiwa na majina yenu chini. Wa Ngarenanyuki na Leguruki mnaotoka mbali, mniambie kabla hamjaondoka ili tupange nauli.

Maswali sasa. Dada pale nyuma, umeinua mkono muda mrefu.